Udongo wa Chumba cha Tatu

Msumari ulikuwapo ukutani. Mnyororo haukuwapo.

Inspekta Anyelwisye Kibona alisimama mlangoni mwa chumba cha tatu, kofia mkononi, akasubiri macho yazoee giza. Nje, ukungu wa Novemba ulikuwa umeilalia Tunduma tangu alfajiri, mzito na mweupe kama maziwa. Mpaka wa Tanganyika na Rodeshia ya Kaskazini ulikuwa umefutika. Ng'ombe alilia mahali fulani, na hakuna ambaye angeweza kusema analia akiwa nchi ipi.

"Tazama sakafuni, afande," alisema Koplo Danieli, mkuu wa kituo kidogo cha pale. "Mwizi kachimba."

Palikuwa na shimo la duara, upana wa ungo, karibu na ukuta wa ndani. Lilikuwa limechimbwa kwa uangalifu, kingo zake laini.

"Dhahabu ya Mjerumani," Koplo alinong'ona. "Wazee wote wanasema aliizika kabla ya kukimbia. Mnyororo kauchukua ili kutupoteza maboya. Dhahabu itakuwa imeshafika Saza, imechanganywa na ya mgodini."

Inspekta alichuchumaa. Alitazama shimo, akatazama sakafu yote, akatazama hadi nje ya kizingiti.

"Udongo uko wapi, Koplo?"

"Udongo gani?"

"Uliotoka shimoni. Mtu anayetafuta dhahabu hutupa udongo akaondoka na dhahabu. Huyu kaondoka na udongo."

Koplo alichungulia nyuma ya mlango. Ukungu uliingia kwa dirisha la nondo, ukakaa nao chumbani kama mtu wa nne, kwa maana Inspekta alikuwa na hisia, tangu aingie mle, kwamba mbali na wao wawili palikuwa tayari na mtu wa tatu.

Ilikuwa Jumatano, mwaka wa 1953. Jengo lile la mawe lilijengwa na Wajerumani, likawa gereza la polisi. Waingereza walipoingia walilitumia vivyo hivyo, mpaka kituo kipya kilipojengwa kando ya barabara kuu. Ndipo mkuu wa wilaya, ambaye watu walimwita Bwana Shauri, alipoamua lifanywe nyumba ya makumbusho, ili wananchi waone jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Kuta zilipakwa chokaa. Pingu, mijeledi na bunduki mbovu zilipangwa juu ya meza. Na ili jengo lifanane na la kale, aliamuru mabati yaezuliwe, ziwekwe nyasi.

Watu wa Tunduma, ambao kila mmoja alikuwa akiota siku atakapoezeka bati kwake, walitazama kazi hiyo vinywa wazi. Walisema serikali imevua kanzu ikavaa gunia.

Jumapili wenyeji walikaribishwa kutazama. Jumatatu jioni mlinzi alifagia, akafunga. Jumanne asubuhi alipofungua alikuta msumari mtupu. Jumamosi Mkuu wa Jimbo angefika kulifungua jengo rasmi, na mnyororo ule ndio uliokuwa pambo lake kuu. Bwana Shauri alikuwa amekwisha toa uamuzi wake kabla hata Inspekta hajashuka kwenye lori kutoka Mbeya. Kufuli halikuvunjwa, na ufunguo ulikuwa mmoja tu. Mwenye ufunguo ndiye mwizi. Kama mnyororo hautaonekana ifikapo Alhamisi jioni, mlinzi apelekwe Mbeya akashtakiwe.

Mlinzi huyo, Sadoki, alikuwa mahabusu katika kituo kipya. Alikuwa askari mstaafu, mrefu, mwenye masharubu ya mvi yaliyochanwa. Hata ndani ya selo alikaa wima kama yuko gwaride. Mkewe, Fides, alikuwa amemletea ugali wa ulezi na mboga za maboga, na alipopishana na Inspekta mlangoni alimwomba kwa sauti ya upole asimchelewashe mzee, kwa kuwa akizoea kukaa bure hatafaa tena nyumbani.

"Ufunguo ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Shingoni mwangu, afande. Kwenye kamba."

"Usiku wa Jumatatu ulilala wapi?"

"Nyumbani. Fides ni shahidi."

"Mke si shahidi mzuri."

"Huyu ni mzuri, afande. Hajawahi kuniunga mkono kwa jambo lolote."

Inspekta aliinamisha uso ili tabasamu lisionekane. "Ulipofagia, ulifagia na chumba cha tatu?"

"Mpaka pembeni. Bwana Shauri hupitisha kidole."

"Leo nimekuta vipande vya nyasi sakafuni, karibu na shimo."

Sadoki alifikiri. Kisha alitazama juu, ingawa dari ya selo ile ilikuwa ya saruji. "Paa," alisema.

"Paa. Sasa niambie habari za Jumapili."

Sadoki alieleza. Watu walikuwa wengi, hata kutoka ng'ambo, Nakonde. Aliwaongoza chumba hadi chumba, akiwafafanulia kila kitu, maana alikuwa amejifunza kazi hiyo kwa bidii. Walipofika kwenye mnyororo, kijana mmoja aliutungua msumarini, akajivika pete yake ya shingo, akacheza. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka.

"Pete ile ikoje?"

"Ya chuma, nzito. Imezungushiwa kitambaa cha pamba, kile cha kufuma kwa mkono walichovaa wazee. Kimekuwa cheusi kama lami, lakini bado kimeshika. Sijui nani alikifunga. Tulikikuta."

"Wote walicheka?"

"Wote, afande." Alijishika masharubu. "Isipokuwa mama mmoja mzee. Yeye aliniuliza wafungwa walikuwa wakilaza kichwa upande gani."

"Ukamjibu?"

"Nilimwonyesha. Ukuta wa ndani, mbali na mlango. Ndiyo kazi yangu, kuwaeleza wageni."

"Ni nani?"

"Sikumtambua. Alikuwa amejifunika shuka mpaka puani. Palikuwa na baridi."

Inspekta alisimama. Shimo lilikuwa kwenye ukuta wa ndani, mbali na mlango.

Walirudi gerezani, Koplo akapanda ngazi. Haikuchukua muda kupaona palipofunguliwa. Fungu moja la nyasi, juu ya chumba cha tatu, lilikuwa limefungwa kwa kamba mbichi ya magome, wakati mengine yote yalifungwa kwa kamba zilizokwisha kauka. Alama za vidole zisingeshika kwenye nyasi zenye umande, lakini fundo lile lilitosha kuwa ushahidi.

"Linavuja?" Inspekta aliuliza kutoka chini.

"Halivuji, afande. Limefungwa vizuri kuliko lilivyokuwa."

"Mwizi gani huezeka upya paa alilolifungua?"

"Mwezekaji," alisema Koplo, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

Waezekaji wote walitoka katika kitongoji kimoja, ng'ambo ya kijito, chini ya kilima cha gereza. Walikwenda kwa miguu. Ukungu haukuwa umepungua. Nyumba zilijitokeza moja moja, zikawatazama, zikarudi nyuma tena. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha wiki ile, na watu walikuwa mashambani wakipanda. Sauti zao zilisikika kutoka kila upande, wanawake wakiimba, mtu akikohoa, lakini miili yao haikuonekana. Inspekta alijiona kama anayetembea katika nchi ambayo walio hai wamebakia sauti tu.

Waliwafuata waezekaji katika mistari ya mashamba. Kila mmoja alijibu akiwa ameegemea jembe lenye tope hadi mpinini. Hawakujua lolote. Mmoja alisema kama serikali inalala chini ya nyasi kama wao, na ivumilie panya kama wao.

Wa mwisho, Jairo, hawakumkuta shambani. Walimkuta nyumbani, ameketi kwenye kigogo mbele ya nyumba, kichwa kimenyolewa upya. Moto ulikuwa ukiwaka uani ingawa hakuna kilichopikwa. Mkewe alikuwa akinyonyesha mtoto mchanga. Ndani, mtu alikohoa.

"Hupandi leo?" Inspekta aliuliza.

"Kesho."

"Mvua haimngoji mtu."

"Najua."

"Jumatatu usiku ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Wewe ndiye uliyeezeka juu ya chumba cha tatu?"

"Tuliezeka wote."

Jibu fupi, macho chini. Lakini waezekaji wote walikuwa wamejibu hivyo. Hakuna anayewapenda polisi wakati wa kupanda. Inspekta alimshukuru, wakaondoka.

Njiani Koplo alilalamika. Watu wavivu kama wale, alisema, ndio hulia njaa mwezi wa pili. Kisha, kwa heshima, akaomba ruhusa ya kulichimba lile shimo kidogo zaidi, kwa ajili ya upelelezi. Inspekta hakumsikia. Walikuwa wamefika kijitoni, na maji yalikuwa yakipita juu ya mawe kwa sauti ndogo, kama watu wanaosemezana chumba cha pili.

Alisimama. Sauti ile aliijua. Aliisikia kwao, Ileje, katika milima ya Wandali, mwaka aliofariki baba yake. Watu walikuwa wakirudi kutoka makaburini, hawazungumzi, na kila aliyechimba aliinama kijitoni akaosha jembe lake mpaka likang'aa, kisha akanawa mikono. Jembe lililochimba kaburi haliingii nyumbani na udongo wake. Na siku inayofuata hakuna aliyekwenda shambani.

"Koplo," alisema polepole. "Nyumbani kwa Jairo, umeona majembe?"

"Nimeyaona. Yameegemezwa ukutani."

"Yakoje?"

Koplo alifumba macho akumbuke. Alipoyafumbua, uso wake ulikuwa umebadilika. "Safi, afande. Yanang'aa."

"Leo, katika msimu wa kupanda. Ni nani amefariki kitongoji hiki?"

"Hakuna mtu. Ningejua. Ningekuwa nimechangia unga."

Waligeuka, wakarudi.

Safari hii Inspekta hakuuliza swali. Alivua kofia uani, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ambayo aliye ndani angeisikia:

"Poleni kwa msiba."

Jairo aliruka kutoka kwenye kigogo. "Hatuna msiba sisi. Nani kakuambia tuna msiba?"

"Jairo." Sauti ilitoka ndani, kavu na tulivu. Mama mzee alitokea mlangoni, shuka mabegani, kichwa chake nacho kimenyolewa. Alimtazama mwanawe, si mgeni. "Usimkane babu yako."

Kisha akamgeukia Inspekta, akajibu kama mfiwa anavyopaswa kujibu. "Tumekwisha poa, baba. Ndiyo kazi ya Mungu. Karibu ukae."

Inspekta alikaa kwenye kigoda alichopewa. Koplo alibaki amesimama, hajui aweke wapi mikono.

"Jina lako, mama?"

"Enesi Namkonda. Wanaume wa ukoo wetu ni Simkonda."

"Mimi ni polisi, mama. Sharti nikuonye. Hulazimiki kusema neno. Utakalosema litapelekwa mbele ya hakimu."

"Nimengoja mtu wa serikali aniulize tangu nikiwa msichana wa kuchunga mbuzi," alisema Enesi. "Uliza."

"Mnyororo uko wapi?"

"Umelala na mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Chomba Simkonda. Baba yangu."

Alisimulia akiutazama moto. Wakati wa Wajerumani, wapagazi walitakiwa katika msimu kama huu. Baba yake hakukataa kwenda. Alisema atakwenda akimaliza kupanda ulezi. Kwa neno hilo alifungwa mnyororo shingoni, akawekwa chumba cha tatu. Mama yake alipeleka chakula kila siku. Alipoona pete imemchuna mumewe, alirarua upindo wa nguo yake, akamsihi askari, akaruhusiwa kuizungushia.

"Siku moja askari alitoka na chakula kama kilivyo," alisema Enesi. "Akamwambia mama, rudi nacho. Basi. Tulirudishiwa chakula. Mtu hatukurudishiwa."

Hakuna aliyewaambia alitupwa wapi. Bila kaburi, hapakuwa na siku ya kuosha majembe. Bila siku hiyo, hapakuwa na siku ya kunyoa. Mama yake alikufa akiwa na nywele za matanga. Na jina la Chomba halikuweza kupewa mtoto, kwa kuwa jina halitoki kwa mtu ambaye hajalazwa. Mtoto wa Jairo alikuwa na jina la kanisani tu.

"Miaka yote hiyo lilikuwa gereza, nisingeingia ila kwa kufungwa. Jumapili wakasema, njoni mtazame. Nikaenda. Nikaona upindo wa nguo ya mama yangu." Alisukuma ukuni motoni. "Kijana mmoja aliuvaa akacheza. Watu wakacheka. Siwalaumu, waliona chuma tu."

"Kwa nini hamkuomba?"

Jairo ndiye aliyejibu. "Niliuliza, afande, tulipokuwa tukiezeka. Nilimwuliza karani wa Bwana Shauri waliokufa humu ni akina nani. Alikwenda kumwuliza bwana wake, akarudi akasema humu hakufa mtu." Alikunja ngumi, akaikunjua. "Basi nikaacha fungu moja la nyasi ambalo ningeweza kulifungua."

"Uliingia peke yako?"

"Peke yangu. Mama hapandi ngazi. Nilichimba pale alipoonyeshwa yeye, alipokuwa akilaza kichwa. Tuliufunga udongo kwenye mkeka pamoja na mnyororo. Tulizika Jumanne, kulipokuwa kunapambazuka."

"Mnajua kwamba Sadoki amefungwa kwa ajili yenu?"

Enesi aliinua uso. "Tumesikia leo asubuhi. Nimesema nitakuja kesho. Leo ni siku ya kukaa, baba. Nikitoka uani leo, kazi yote imekuwa bure. Nifunge kesho. Nifunge humo humo akipenda Bwana Shauri. Ila msimfukue."

Koplo alimtazama Inspekta, mkono ukiwa karibu na pingu.

"Kesho, mama," alisema Inspekta, akavaa kofia.

Njiani Koplo alimwonya kwamba wangevuka mpaka kabla ya jua kuchwa. Nusu ya ndugu zao walikuwa upande wa pili. Inspekta alimjibu kwamba mwizi hukimbia, lakini mfiwa hukaa.

Alhamisi asubuhi, ukungu ukiwa umefika magotini tu, Enesi alionekana akija barabarani, Jairo nyuma yake. Alipoingia kituoni aliomba kwanza aonyeshwe Sadoki. Alimpa mkono kupitia nondo, akamtajia jina la baba yake, akamwomba radhi.

"Ungeniambia tu, mama," alisema Sadoki. "Ningefagia pale kwa adabu zaidi."

Bwana Shauri alipokea taarifa akiwa amesimama dirishani. Alifurahi mpaka aliposikia neno kaburi.

"Fukueni," alisema.

"Naam, bwana. Kufukua kaburi kunahitaji amri ya hakimu. Amri hiyo sharti itaje jina la marehemu na mahali alipofia."

"Humu hakufa mtu. Nimekwisha sema."

"Basi hakuna marehemu, bwana. Na kama hakuna marehemu, hakuna kaburi, nami sijui pa kuutafuta mnyororo."

Bwana Shauri aligeuka, akamtazama. Inspekta alikuwa wima, uso mtulivu, macho kwenye picha ya Malkia ukutani.

"Na mwanamke huyu?"

"Amekiri, bwana, na mwanawe amekiri. Maelezo yao ya onyo yatasomwa mahakamani Mbeya, mbele ya watu wote. Yanaanza na sababu za baba yake kufungwa."

Nje, lori lilipita. Bwana Shauri alichukua kiberiti, akakirudisha mezani bila kukiwasha.

"Mwambie aende nyumbani," alisema hatimaye. "Mwambie asirudie."

"Nitamwambia, bwana. Sidhani kama atahitaji kurudia."

Jumamosi hapakuwa na ukungu. Tunduma yote ilikuwa kilimani, na milima ya pande mbili za mpaka ilionekana safi kama imeoshwa. Mkuu wa Jimbo alipita chumba hadi chumba, Bwana Shauri kando yake, na Sadoki mbele, kaki yake imepigwa pasi mpaka inakata. Katika chumba cha tatu mgeni alisimama. Aliuliza, kupitia mkalimani, kwa nini msumari ule hauna kitu.

Sadoki alimtazama Bwana Shauri. Bwana Shauri alitazama viatu vyake. Mlangoni Inspekta Kibona aliona masharubu ya mzee yule yakitulia, kama askari aliyekwisha kupokea amri.

"Hapo ulining'inia mnyororo, bwana," alisema Sadoki. "Na hapa," akaelekeza fimbo yake kwenye shimo, ambalo hakulifukia, "ndipo Chomba Simkonda alipokuwa akilaza kichwa."

Mkalimani alifasiri. Mkuu wa Jimbo alivua kofia. Labda kwa sababu paa lilikuwa chini. Alilizunguka shimo, na wote waliomfuata, siku ile na baadaye, walipita pale pale alipopita yeye.

Inspekta alitoka nje kulifuata lori lake. Kwenye kundi la watu waliongoja zamu yao ya kutazama, mtoto mchanga alikuwa akilia. Mama mzee mwenye kichwa kilichonyolewa alimchukua kutoka kwa mkwewe, akamweka begani, akampigapiga mgongoni.

"Nyamaza, Chomba," alimwambia. "Nyamaza. Tumefika."